Mkanda wa Qabale

Mimi sisahau. Mke wangu Rebecca husema huo ndio ugonjwa wangu, na kwamba ungekuwa wa tumbo ningeshazikwa zamani. Lakini mtu akinitukana Jumanne moja ya mwezi wa saba, mwaka wa 1949, pale kivukoni Garsen, huku amesimama na viatu vyake juu ya gunia la mpunga wangu, hiyo Jumanne mimi naitunza. Alikuwa mnunuzi mwenye lori la pekee upande wetu wote wa mto. Tulimwita Bwana Mizani, kwa sababu alitembea na mizani yake mwenyewe na hakukubali ya mtu mwingine. Aliniambia hivi: "Komora, kama hutaki bei yangu, jitwike mpunga wako uende nao Malindi." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Nilicheka kwa kuwa wao walikuwa wanacheka.

Kicheko kile nilitembea nacho karibu miaka saba. Halafu mwezi wa pili wa 1956 Molu akauza fahali, akanunua pikapu.

Nasema pikapu kwa heshima tu. Lilikuwa kopo lililoachwa na watu wa kuua nzige nyuma ya ghala lao la sumu, nalo lilikwisha kunyeshewa masika matatu. Rangi ilibaki mahali pa kiganja kimoja. Sakafu ya nyuma ililiwa na kutu mpaka ukisimama ndani ungeweza kuvaa gari kama kanzu. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba, wa pili haukuwapo. Na juu ya kiti cha dereva alikaa kuku, ameatamia, akatutazama kama tumekuja kumdai kodi ya kichwa.

Molu ni Muorma, ng'ombe wake hulisha mbuga za nyuma ya Minjila. Mimi ni Mpokomo wa ukingoni. Tulijuana mwaka ng'ombe wake walipoingia kwenye mahindi yangu, tukapelekana barazani, tukatozwa faini sote wawili, yeye kwa ng'ombe na mimi kwa mdomo. Tulitoka pale tumekasirikia kitu kimoja, na tangu siku hiyo ni rafiki yangu.

"Fahali yule mwekundu?" nikamuuliza.

"Yuleyule."

"Umemtoa kwa hiki?"

"Jamaa, wewe si ulisema unajua injini?"

"Nilisema."

"Basi. Fahali amekwenda. Sema tena."

Nikafunua boneti. Panya wawili wakaruka, mmoja akapita juu ya mguu wa Molu naye akarukia huko kama msichana. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama. Injini ilikuwa nzima, bwana! Chafu, imejaa manyoya ya kuku na tope la nyigu, lakini nilipotia hendeli, ule mpini wa kuwashia, na kulaza uzito wangu wote juu yake, ikazunguka robo duara, ikatoa pumzi. Pumzi hiyo niliijua. Miaka saba nilifagia karakana ya magari kule Mombasa. Kazi yangu iliandikwa ufagio, wala si spana. Mwaka wa 1946 msimamizi alinipiga vidole kwa nyundo ndogo kwa sababu nilishika kabureta kuona kuna nini ndani. Vidole vikapona. Niliendelea kufagia polepole sana, karibu na kila gari lililofunguliwa, na kusoma nilijifunza kwa maandishi ya makopo ya oili. Walidhani nafagia.

"Litatembea," nikamwambia Molu.

"Lini?"

"Kabla ya mvua."

Hapo nilijifunga mwenyewe. Maana siku ileile, kwa furaha, nikafanya jambo ambalo mtu mwenye akili asingelifanya kabla injini haijawaka.

Mikutano ilikuwa marufuku miaka ile, na chifu alikwisha nionya kwamba mdomo wangu una kesi mbili na ya tatu itanipeleka mbali. Sikufanya mkutano. Nilikwenda nyumba moja moja, kwa mtumbwi na kwa miguu, nikaketi, nikanywa uji wa watu, nikasema: msimuuzie. Mwaka huu mpunga wetu utakwenda Malindi kwa gari letu, na mnunuzi wa kule atatupa bei ya kule. Nyumba kumi zikakubali, pamoja na yangu. Gunia moja moja, kwa kujaribu. Wake wa nyumba hizo, ambao ndio waliolima na kufukuza ndege, hawakuniamini mimi hata kidogo. Walimwamini Rebecca. Wakamwambia: magunia haya yako mkononi mwako, si mkononi mwa mumeo.

Habari zikamfikia Bwana Mizani kabla sijamaliza uji wa nyumba ya nne. Akatangaza kivukoni kwamba hizo nyumba kumi yeye hazijui tena. Mvua ikishuka barabara ya Malindi itafungwa wiki sita au nane, mpunga utaota ndani ya magunia, na hapo wakimjia kwa magoti atanunua kwa bei ya chakula cha kuku.

Kwa hiyo hali ilikuwa hivi. Kopo la Molu likitembea kabla ya mvua, nyumba kumi zitakula, zitalipa karo na kodi, na mwaka ujao zitakuwa nyumba mia. Lisipotembea, watoto wa nyumba kumi watalala na njaa kwa sababu ya mdomo wangu.

Tukaanza.

Wiki ya kwanza tulifungua kila kilichokubali kufunguka, na kisichokubali tulikibembeleza kwa mafuta ya taa. Nilitandika mkeka mchangani nikapanga nati kwa mstari, kama nilivyoona Mombasa, na ole wake aliyekanyaga. Plagi tulizikwangua kwa kisu. Kabureta niliifungua kwa mikono yangu miwili, mchana kweupe, nikaitazama ndani nilivyotaka, nikaipuliza, nikaifunga. Nilikuwa naimba. Rebecca alipita na ndoo ya maji, akasimama.

"Baba Elsie, hicho kidude kimekufanya nini?"

"Hiki? Hiki kilinipiga vidole!"

Akatikisa kichwa akaenda zake, lakini nilimwona anatabasamu.

Sakafu ya nyuma tuliitengeneza kwa mtumbwi. Kulikuwa na mtumbwi mkuukuu wa marehemu baba yangu, umepasuka kisogoni, haufai maji. Tukaupasua mbao kwa msumeno na shoka, tukazilaza, tukazipigilia. Zilikuwa zimepinda, kwa hiyo pikapu letu lilikuwa na tumbo. Matairi mawili yalishika upepo, mawili yalikataa katakata. Hayo tuliyashindilia nyasi kavu, tukazigonga kwa mchi mpaka tairi likawa gumu kama gogo. Rejeta ilivuja sehemu tatu. Nilikumbuka dereva mmoja wa karakana aliyevunjia yai ndani ya rejeta yenye moto, yai likaiva likaziba tundu. Nikamwendea Rebecca.

"Mama Elsie, nipe mayai matatu."

"Ya kula?"

"Ya gari."

Akanitazama muda mrefu sana. Akanipa mawili.

Bwana Mizani alikuwa akija jioni kutuangalia. Alikuja amevaa vizuri, anachokonoa meno, anasimama mbali kidogo asichafuke.

"Komora, hilo jeneza mtalibeba wangapi?"

"Karibu, bwana. Tunakutafutia nafasi."

"Nasikia linatembea kwa mayai na majani. Hamkulinywesha na maziwa?"

"Maziwa ni ya waliolelewa vizuri," akasema Molu bila kuinua kichwa.

Watu walicheka tena, lakini mara hii nilisikia tofauti. Kicheko hakikuwa upande wake chote.

Mwisho kilibaki kitu kimoja, mkanda wa feni. Huu ni ule unaozunguka magurudumu madogo mbele ya injini, ukavuta feni na kusukuma maji, ili injini isichemke. Wa zamani ulikuwa umeoza ukawa unga. Mkanda mpya ulikuwa Mombasa, na sisi tulikuwa Garsen, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa bahari kila alasiri.

Molu akanipeleka kwa mama yake.

Mama Qabale alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye vidole ambavyo ngozi yoyote ilivitii. Kamba zake za kufungia mizigo zilitafutwa mpaka Witu. Nikamwonyesha kwa kipande cha mti urefu ninaoutaka na unene ninaoutaka. Akaniuliza kitu kwa Kiorma, Molu akajibu kwa mkato, nami nikasema upesi: "Mkanda wa gari tu, mama. Uwe na nguvu." Nilikuwa na haraka. Siku nne alikata, akaloweka, akanyoosha, akasokota nyuzi tatu za ngozi ya fahali kuwa moja, akashona maungo kwa mishipa ya ng'ombe. Kila siku nilikwenda, napima, nakata kidogo, naondoka. Ijumaa asubuhi tukauvalisha. Ulikaa kwenye mifereji ya magurudumu kama umezaliwa pale.

"Hendeli!" nikasema.

Molu akazungusha. Hakuna. Akazungusha tena, hendeli ikarudi kwa nguvu ikampiga kiwiko, akalaani kwa lugha mbili. Mara ya tatu gari likakohoa, likatoa moshi mweusi na manyoya ya kuku, likatetemeka lote mpaka bamba la taa likaanguka. Halafu likawaka!

Siwezi kueleza sauti ile. Wanawake walitoka mashambani wakikimbia. Mzee mmoja aliyekuwa amelala akatoka na panga. Molu alinikamata mabega akanitikisa, anapiga kelele, nami napiga kelele, na hakuna aliyesikia mwenzake anasema nini. Mkanda ulikuwa unazunguka, feni inavuma, maji yanakaa ndani. Tuliliacha liwake muda wa kutosha kuchemsha chai, na rejeta ikabaki vuguvugu. Tukazima. Molu akaenda msikitini kuswali Ijumaa, mimi nikashuka mtoni kupokea magunia yaliyokuja kwa mitumbwi, mawili ya mwisho kutoka Kau. Tulikubaliana: kesho alfajiri, safari.

Jumamosi, tarehe 24 mwezi wa tatu, 1956. Hiyo nayo naitunza.

Magunia kumi yalipakiwa. Juu yake Mama Qabale alitandika mikeka minene ya nyumba yake, maana nyumba ya Kiorma huezekwa kwa mikeka. Alifumua paa la nyumba kwa mikono yake ili mpunga usinyeshewe, akasema nyumba atashona nyingine. Na kwa sababu nyumba yake ilikuwa safarini, naye alikuwa safarini. Alipanda mbele na vibuyu vyake vya samli, Molu akabanwa katikati, na Rebecca akakaa juu ya magunia kama chifu. Nilikanyaga klachi, nikatia gia, na wallahi gari likaondoka. Watoto wakakimbia nyuma, wanawake wakapiga vigelegele, mtu akarusha mchele. Bwana Mizani alikuwa anapakia lori lake. Sikumtazama. Nilimwona vizuri sana bila kumtazama.

Huko mbele mbuga zimefunguka, ndege weupe wanaruka, Rebecca juu anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya kuita ng'ombe, Molu anacheka kila tukiruka shimo. Nilijiona mwenye serikali yangu. Nikaanza kumweleza Molu namna mwaka ujao tutakavyokuwa na magari matatu, na chama, na mhuri.

"Komora," akasema Molu. "Ule moshi ni wa kwetu?"

Ulikuwa wa kwetu. Karibu na Minjila, hatujaenda hata nusu saa, rejeta ilichemka ikarusha kifuniko chake juu kama kofia ya harusi. Nikazima. Tukashuka. Nikafunua boneti nikaungua, nikashika mkanda, na vidole vyangu vikateleza.

Nikavinusa. Samli.

Ulikuwa umepakwa vizuri, kwa mkono wa mtu anayejua, umeloweshwa mpaka ndani ya kila msokoto. Magurudumu ya injini yalikuwa yanazunguka na mkanda umelala tu juu yake, unateleza kama samaki. Feni haikuwa inafanya kazi, maji hayakuwa yanakwenda. Nyuma yetu ngurumo ya kwanza ikasikika.

"Nani?" nikapiga kelele. "Nani ameugusa mkanda huu? Nani ametumwa? Bwana Mizani amempa nani..."

Mama Qabale akashuka garini taratibu, akarekebisha nguo yake.

"Mimi," akasema.

Sijui uso wangu ulikuwaje. Najua Molu alikuja akasimama kati yetu, kifua chake kwenye pua yangu.

"Gari tugombane," akasema. "Fahali tugombane. Kwa mama yangu sauti hiyo hapana."

"Mimi nilipaka jana, nyinyi mko msikitini na mtoni," Mama Qabale akaendelea, wala hakuharakisha. "Ngozi mpya, mimi naacha kavu? Ikatike njiani, watu waseme Qabale hajui kazi? Nilitia samli ya mwaka jana, nzuri kabisa. Nilitia mara tatu."

"Mara tatu!" nikasema, nikaketi chini.

Rebecca alikuwa ameshuka kutoka juu ya magunia. "Baba Elsie," akasema, "ulimwambia mama mkanda huu kazi yake nini?"

"Nilimwambia ni mkanda wa gari."

"Na gari yeye alikwisha lipanda wapi?"

Nikaitazama mikono yangu yenye samli. Mimi, niliyepita nyumba kumi nikisema mpaka uji ukapoa. Siku nne nilikaa mbele ya yule mama nikapima kwa kijiti, na yeye aliniuliza, na mimi nikamjibu kama yule msimamizi alivyonijibu mimi. Shika, kata, usiulize.

Nikasimama. Nikamwita mbele ya injini. "Mama, tazama. Gurudumu hili linazungushwa na moto. Mkanda unalishika, unalivuta na hili, na hili ndilo lenye feni. Usiposhika, feni haizunguki, maji yanachemka."

Akainama akatazama kwa makini, akagusa kila gurudumu kwa kidole.

"Unashika?"

"Unashika."

"Haubebi kitu?"

"Haubebi. Kazi yake kushika tu."

Akajinyoosha akanitazama, na nasema kweli, chifu hajapata kunitazama hivyo. "Wewe mtu wa maneno mengi," akasema. "Maneno mengi! Hilo moja ndiyo ulikosa? Kamba ya kubeba mzigo tunapaka samli, ipate kuwa laini, isikatike. Kamba ya kufunga miguu ya ng'ombe tunapokamua hatupaki. Ukipaka, ng'ombe anatoa mguu, maziwa yote chini. Hiyo tunasugua majivu. Mtoto mdogo anajua. Wewe ulitaka kamba ya kukamulia, na mimi nikakupa ya mzigo."

"Inaweza kugeuzwa?" Molu akauliza.

"Nipeni moto. Nipeni majivu ya moto."

Palikuwa na boma la Waorma hatua mia mbili kutoka pale. Molu alikimbia. Hapo ndipo tuliposikia lori.

Bwana Mizani alisimamisha lori lake sambamba nasi, hakulizima. Alitazama mvuke, akatazama mawingu, akanitazama mimi na mikono yangu ya samli. Hakusema na mimi. Akasema na Rebecca.

"Mama Elsie, mimi na mumeo tuna maneno yetu. Wewe sina neno na wewe. Magunia yapo kumi, nafasi ninayo. Nitayachukua hapahapa, sasa hivi, kwa ile bei niliyotangaza. Ni ndogo, najua. Lakini tazama juu."

Tone moja likaanguka kwenye boneti, likachemka, likatoweka. Jingine likafuata.

Nilifungua mdomo. Rebecca akainua mkono wake mmoja tu, bila kunigeukia, nami nikaufunga. Magunia hayakuwa mkononi mwangu. Wanawake tisa walimpa yeye, na kama angeyapeleka kwenye lori lile nisingekuwa na haki ya kumlaumu, maana nusu ya mkate ni chakula na mpunga ulioota si chakula. Niliogopa, bwana. Kesi mbili zangu sikuogopa hivyo.

Molu akarudi na kigae kimejaa majivu, moshi unatoka, anakirusha kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Mama Qabale alikuwa amekwisha uvua mkanda, ameufumua ushono, anaukwangua kwa mgongo wa kisu. Akachota majivu kwa kiganja kama hayakuwa na moto, akaanza kusugua.

Rebecca akamwuliza, "Mama, itachukua muda gani?"

"Muda wa kukamua ng'ombe watatu."

"Na utashika?"

"Ng'ombe wangu hajapata kutoa mguu."

Rebecca akamgeukia Bwana Mizani. "Basi wewe tangulia, baba," akasema. "Sisi tunakamua."

Sijapata kumpenda mwanamke yule kama dakika ile. Bwana Mizani alifunga kioo, lori likaunguruma, likaturushia vumbi ambalo mvua ilianza kulilaza palepale.

Tulifanya kazi sote wanne. Majivu ya kwanza yalitoka yameganda kama ugali, ya pili kama mchanga mbichi, ya tatu yakatoka makavu. Mama Qabale akaupitisha mkanda juu ya makaa mpaka ukafuka moshi wa harufu ya nyama, akasugua tena. Akaushona upya, akaupunguza upana wa kidole kwa sababu samli ilikuwa imeulegeza. Mimi nikajaza rejeta maji ya dimbwi kwa kofia yangu. Molu alishikilia mkeka juu ya injini isilowe. Nikauvalisha. Nikauvuta kwa kidole, ukakataa. Nikauvuta kwa nguvu, ukakataa!

"Hendeli!"

Ikawaka mara ya kwanza. Feni ikavuma, ikampulizia Molu majivu usoni akawa mweupe mpaka kope. Tulicheka kama vichaa, tukarukia ndani, na gari likaondoka kabla Rebecca hajapanda vizuri. Alining'inia, akajirusha juu ya magunia, akapiga bati la juu kwa ngumi mbili: nenda! nenda!

Nilikwenda. Mvua ilikuwa nyuma yetu inatembea kama ukuta, unaiona inakula miti. Mimi mbele yake nimekazana na usukani ambao ulizunguka nusu bure kabla ya kushika. Tairi moja la nyasi likaanza kutema majani. Tulipokaribia Tarasaa, maji yalikuwa yameanza kujikusanya kwenye bonde, udongo mweusi umegeuka uji. "Usisimame," Molu ananiambia. "Usisimame, usisimame." Tukaingia. Pikapu likacheza kiuno, likaenda upande, mbao za mtumbwi zikalia, na kwa sekunde moja nilidhani mtumbwi umekumbuka kazi yake ya zamani. Halafu matairi yakakamata kitu kigumu, tukatokea upande wa pili tumejaa tope mpaka machoni.

Pale Tarasaa lori la Bwana Mizani lilikuwa limeegeshwa mbele ya mkahawa. Alikuwa anakunywa chai. Alikuwa na haraka gani? Honi hatukuwa nayo. Rebecca alichukua debe tupu la maji akalipiga kwa kiatu, tangu nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho, na watu wote wa Tarasaa wakatoka kutazama pikapu la kutu, lenye tumbo, lenye paa la nyumba ya Kiorma mgongoni, linapita likifuka moshi. Yeye alisimama mlangoni na kikombe mkononi. Mara hii nilimtazama.

Tuliingia Malindi saa kumi, kukavu kabisa. Mnunuzi wa kule hakutujua. Alifunua mkeka, akafungua gunia la kwanza, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Sote wanne tuliutazama mkono ule. Akatoa punje, akaiuma.

"Mkavu," akasema. "Wa nani?"

"Wetu," akasema Rebecca.

Akafungua la pili, na la tatu, na yote kumi yalikuwa makavu. Bei aliyotupa sitaitaja, ila Rebecca aliisikia mara ya kwanza akakataa, akaisikia mara ya pili akaketi juu ya gunia, akafunika uso kwa leso, mabega yanatikisika, sikujua analia au anacheka. Molu alikuwa anazunguka gari akilipapasa kama anatafuta kupe. Wachukuzi walianza kushusha. Na ndipo mvua ikatufikia, kwa ghafla, kubwa, mpaka mtaa ukawa mto.

Molu alisimama katikati yake, majivu yanamtiririka usoni.

"Jamaa," akasema. "Barabara si sasa imefungwa?"

"Imefungwa."

"Wiki sita."

"Au nane."

"Tutarudi vipi nyumbani?"

Nikafikiri. Nilifikiri kweli. Katika mipango yangu yote, magari matatu na chama na mhuri, hakuna mahali nilipokuwa nimeandika kurudi. Tukatazamana, na kicheko kikatupata, kikatukamata mpaka tukashikana tusianguke. Wachukuzi wa Malindi walituona wehu.

Mama Qabale hakuwa anacheka. Samli yake alikwisha iuza wakati sisi tunatazama mkono wa mnunuzi. Alikuwa amerudi mbele ya gari, ameketi mahali pangu, mikono miwili juu ya usukani, anautikisa kidogo huku na huku kujua unavyokwenda.

"Komora, njoo unieleze hiki nacho," akaita. "Maneno yote, usipunguze."

"Mama, barabara imefungwa. Hatuna pa kwenda."

"Ya Garsen ndiyo imefungwa," akasema. "Mji huu hauna mizigo?"